Safu ya Jumatano

Wamesema wanawake wa Ibra hawajijali.
Imo kwenye muhtasari, ukurasa wa pili,
kwa Kiarabu fasaha, muhuri juu yake:
uzembe, elimu duni, watundikiwe mabango.
Bei ya mabango imeshakadiriwa.

Mimi karani wa takwimu. Kikaoni
kiti changu kiko kando ya dele la kahawa;
kazi yangu kujaza visanduku,
na mara nyingine vikombe.

Lakini nilikuwa na daftari.
Miezi saba naandika nani kaja, nani hakuja
kliniki ya sukari ya wanawake, Jumatano, saa mbili asubuhi.
Walioandikishwa: thelathini na wanne.
Waliofika: tisa. Saba. Tisa.
Ishirini na mmoja, wiki ya mvua.
Nane.

Nikaikodolea macho ile wiki ya mvua.
Wadi ilifurika, barabara ilikatika,
mwenye akili zake alikaa kwake.
Mvua gani hii inayoleta wagonjwa?

Nikamwuliza Sista Lissamma, Mkerala,
mwaka wa kumi na tisa huu anadunga sindano mjini hapa.
Akacheka hadi miwani ikamshukia puani:
"Binti, Jumatano soko la wanawake.
Mvua, soko hakuna."

Ee Mola, na mimi mzaliwa wa hapa!
Soko hilo ndilo lililonisomesha.
Bibi yangu, aliyetoka Wete na Kiswahili chake
akakitunza kama yai ndani ya kanga,
aliuza pale hina, udi na wanja;
Jumatano, akisema, hata Izraili
ningemwomba anirudie Alhamisi.

Nikaenda. Fomu niliziacha ofisini.
Bi Ghanima yuko nyuma ya chupa za manukato,
kidole cha mguu kimefungwa kitambaa
kilichokuwa cheupe.
"Nije kwenu, hapa atauza nani?
Na nisipouza, hizo mboga mnazoniambia nile
mtaninunulia nyinyi?"
Nikaandika, neno kwa neno, pambizoni,
kwa lugha ya bibi.

Kikao cha pili sikusema mengi.
Nilichora mistari miwili, soko na kliniki,
wiki baada ya wiki, na zile Jumatano tatu
soko lilipovunjika:
mmoja ukishuka, wa pili unapanda,
kama ndoo mbili za kisima kimoja.
Daktari Sulaiyam akausogeza mchoro karibu,
akaugeuza, akaurudisha.
Kahawa ikapoa.
Mtu mmoja akauliza: na mabango je?

Mabango yalichapishwa. Ukistaajabu ya Musa...
Yako stoo, bado yana plastiki yake.
Ila kliniki ilihamia Jumatatu,
bila senti moja, kwa mstari mmoja wa barua.
Wakaja kumi na wanane. Ishirini na watatu.
Wiki iliyopita, ishirini na sita.
Bi Ghanima alikuja na chupa ya marashi kwa Sista
na kidole ambacho, alhamdulillahi, kimebaki naye.

Sikupiga vigelegele.
Wapo wanane wasiokuja Jumatano
wala Jumatatu, soko liwepo lisiwepo.
Mkuu wangu anataka nijaze sifuri, ripoti iende Maskati.
Nimemwambia tupu si sifuri.
Sifuri mtu amekwenda, amehesabu, hakukuta.
Hapa hakuna aliyekwenda.

Jina la kwanza: Nuweira, miaka ishirini na miwili,
ng'ambo ya wadi, simu inaita tu.
Nimeomba gari la kesho.
Dereva anasema petroli inataka sahihi,
na mwenye sahihi yuko likizo Salala.
Basi nitachukua la shemeji,
lile lisilo na kiyoyozi,
na chupa mbili za maji,
na daftari.